Nimebebeshwa ukatibu wa kongamano la watu wa tiba kazi, wenye uzoefu nishikeni mkono

katibu_wa_ghafla

Wakuu heshima yenu. Mimi ni OT (mtaalamu wa tiba kazi, yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku), mwaka wa sita sasa kazini, asubuhi mpaka jioni niko na wagonjwa wa kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo, shughuli ya watu wengi sijawahi kuandaa maishani. Juzi kwenye kikao cha chama chetu nilitoka nje kupokea simu, narudi nakuta watu wananipigia makofi, kumbe nimeshapitishwa kuwa katibu wa kamati ya kongamano. Ndo nimejifunza, simu za kikaoni hazipokelewi.

Kongamano ni la siku mbili, tunategemea watu kama 150, imebaki miezi saba. Kamati kwenye karatasi tuko 9, kwenye grupu la WhatsApp wanaojibu ni watatu na mmoja wao anajibu kwa dole gumba tu. Aliyeandaa lililopita alishahama kazi na kila kitu kilikuwa kwenye laptop yake ambayo anasema ilikufa, kwa hiyo hatuna bajeti ya nyuma, hatuna orodha ya waliokuja, hatuna hata barua ya mfano.

Mpaka sa hivi tumetumia wiki tatu kubishania kaulimbiu, kama iwe "ushiriki" au "ushirikishwaji", nikiuliza nani anafuatilia ukumbi kimya. Tulitangaza watu walete abstrakti (muhtasari wa mada anayotaka mtu kuwasilisha) zimekuja 11, na 4 ni za mtu mmoja. Alafu kuna msambazaji wa vifaa anataka kutudhamini, pesa yake nzuri tu, ila anataka dakika 45 jukwaani kabla hata mgeni rasmi hajafungua. Na kila ninayemuuliza anataka nini anasema warsha ya splinti (vile vibao vya plastiki vya kushikilia mkono au kidole), warsha ya splinti, na mimi warsha ya splinti sijui hata inahitaji meza ngapi.

Naombeni mnieleze tu kama mnaelezea mtu asiyejua kitu, nianzie wapi? Na kipi nisikiguse kabisa?

---

mzee_wa_goniometa

Pole na hongera katibu, kwa mpangilio huo huo.

Kaulimbiu wekeni pembeni leo hii. Hakuna mtu aliyewahi kulipa ada ya kushiriki kwa sababu kaulimbiu ilimgusa moyo. Anza na tarehe na ukumbi, maana vitu vingine vyote vinaning'inia hapo.

Tarehe, kuna mtego mmoja. Lazima kamati itatokea mtu aseme tufanye tarehe 27 Oktoba kwa sababu ndio siku ya OT duniani. Inasikika vizuri lakini siku hiyo kila hospitali na kila kituo kina shughuli yake, wakubwa wa idara wanataka OT wao wawepo na mabango, utaomba watu ruhusa uambiwe haiwezekani. Sisi tuliteleza hapo tukapata nusu ya watu. Wekeni wiki mbili kabla au baada. Angalia pia lile kongamano la dunia la WFOT, shirikisho la OT duniani, ambalo huwa kila miaka minne, kama linaangukia mwaka wenu basi wazungumzaji wakubwa na pesa za safari za waajiri zote zinaenda huko, msigombanie mwezi mmoja.

Sasa ukumbi. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana aibu yangu haijaisha mpaka leo.

Mwaka mmoja tuliandaa la kwetu, mzungumzaji mkuu tukamwalika dada mmoja mwenye jeraha la uti wa mgongo, anatumia wilchea, mtu anayejua kuongea mpaka unasahau kuandika. Ukumbi tuliupanga kwa simu. Meneja akatuhakikishia kabisa, wilchea zinapita bila tatizo. Na kweli mlangoni ilipita. Tumefika mbele jukwaa lina urefu wa sm 60 na ngazi 4, rampu hakuna. Humo ndani wamekaa watu 120 ambao kazi yao ya kila siku ni kwenda kwenye nyumba za watu kupima ngazi na kuandika ripoti ya rampu! Hesabu kila mmoja anayo kichwani, 1 kwa 12, yaani sm 60 inataka rampu ya mita 7.2, na kutoka jukwaani mpaka mstari wa kwanza wa viti kulikuwa na mita 3. Hata mngeleta fundi na mbao asubuhi ile isingetosha. Wanaume wanne wakanyanyuka wambebe, akakataa, na alikuwa na haki kabisa, mtu hajaja kubebwa kama gunia mbele ya watu waliomwalika kuzungumzia utu. Akaongelea chini, waliokaa nyuma hawakumuona hata nywele. Sentensi yake ya kwanza alisema anashukuru sana kualikwa na wataalamu wa mazingira. Nilitamani sakafu inimeze. Mganga hajigangi najua, lakini ile ilizidi.

Kwa hiyo usipige simu. Azima wilchea kazini kwako, kaa mwenyewe, beba tepu, nenda. Tokea pale gari linaposhusha mtu mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kwenye meza ya usajili (meza ya usajili huwa ndefu kwa kwenda juu, mtu wa wilchea anaishia kuongea na ukingo wa mbao), mpaka ukumbini, mpaka pa kulia chakula, mpaka chooni. Mlango uwe na nafasi ya sm 80 hivi ukiwa wazi kabisa, sio sm 80 za fremu. Chooni uweze kugeuka, ile duara ya mita 1.5 tunayowaambia wateja. Na uangalie mlango wa choo unafungukia wapi, ukifungukia ndani mara nyingi umeingia lakini huwezi kuufunga. Kama kuna lifti, ipande. Usionyeshwe, ipande.

---

katibu_wa_ghafla

Mzee shikamoo. Nimesoma hiyo ya jukwaa nimesisimka mwili. Sisi ukumbi tunaoufikiria una jukwaa kabisa na pazia la velveti, mwenyekiti wetu analipenda hilo pazia kuliko kitu chochote.

---

mzee_wa_goniometa

Marahaba. Mwambie mwenyekiti akakae kwenye wilchea mbele ya hilo pazia alafu apande. Au fanyeni kila kitu chini, jukwaa libaki la maua. Wote waongelee chini, mgeni rasmi pia. Ikiwa mmoja tu ndo anaongelea chini hapo ndo tatizo.

---

dada_splinti

Katibu mimi nakuja na hiyo warsha maana naona kila mtu ataikimbia.

Warsha ya splinti inaua makongamano mdogo wangu, na inaua kwa umeme. Plastiki yetu inalainika kwenye maji ya nyuzi 65 mpaka 75 hivi, kwa hiyo unahitaji sufuria za umeme za kupashia, na sio moja. Tulikuwa na watu 40 (tulisema 20, wakaja 40, hakuna aliyekubali kutoka), sufuria 4, zote mtu kazichomeka kwenye ekstensheni moja iliyokuwa inapita chini ya zulia. Dakika kumi tu breka ikadondoka. Sio chumba chetu tu, na ukumbi mkubwa wa jirani ambako profesa alikuwa kwenye slaidi yake ya pili. Tukawasha, ikadondoka tena. Mara ya tatu fundi wa jengo akaja akachomoa kila kitu akaondoka na ekstensheni. Maji yakapoa, plastiki ikawa ngumu kama kibao, mtu mmoja mkono wa mwenzake ukiwa bado ndani ya splinti iliyokaa vibaya. Tukamaliza kwa kuchemsha maji jikoni kwenye birika na kukimbia nayo koridoni, mimi na mwenzangu, tumevaa zile beji za kamati, watu wanadhani tunapeleka chai.

Sasa fanya hivi. Chumba cha warsha omba uambiwe soketi ziko ngapi na zipo kwenye laini ngapi tofauti za umeme, muulize fundi wa jengo, sio mtu wa mapokezi. Sufuria zigawanye. Watu wasizidi 16, wakae wawili wawili mmoja mkono wa mgonjwa mmoja mtengenezaji alafu wabadilishane, na mkufunzi mmoja kwa watu 8. Usajili wa warsha uwe peke yake na majina mlangoni, na uweke mtu mwenye roho ngumu hapo mlangoni. Mimi sifai, nilimruhusu kila aliyeniita dada.

Patani, yaani vipande vyenye umbo la splinti, zikatwe kabla! Nasisitiza. Ukimpa mtu plastiki nzima na mkasi atatumia dakika 40 kuchora mkono wake. Splinti ndogo ya kidole gumba inatosha kabisa kufundishia, usihangaike na ile kubwa ya kupumzishia mkono wote, inakula material. Na usinunue nyembamba ya mm 1.6 kwa wanaoanza eti kuokoa pesa, inapoa kabla hawajaizungusha, ya mm 3.2 inawapa muda wa kukosea. Taulo, nyingi kuliko unavyodhani. Meza za plastiki au zifunikwe maana varnish ya hoteli na maji ya nyuzi 70 haviivi chungu kimoja, tulilipa meza mbili.

Lakini fanya hiyo warsha. Watu walitulaumu siku nzima alafu kwenye fomu za maoni warsha ndo iliongoza.

---

OT_peke_yangu

Naomba niongezee upande mwingine. Kituo kizima OT ni mimi. Nikija kwenye kongamano siku mbili pamoja na safari inakuwa siku nne na wagonjwa wangu hawana mtu. Kila mwaka naona picha tu. Katibu wekeni na ya mtandaoni, wengi tuko hivi na sio kwamba hatutaki kuja.

---

dada_splinti

@OT_peke_yangu nakuelewa lakini splinti kwa skrini haifundishiki, utaona mikono ya mtu tu. Unatakiwa usikie plastiki inavyovutika.

---

OT_peke_yangu

Sijasema splinti dada. Mada, yale mazungumzo. Na maswali. Pointi za mafunzo endelevu nazitafuta kama nyie mnavyozitafuta.

---

mzee_wa_goniometa

Ana hoja huyu. Ila katibu usijidanganye kwamba mtandaoni ni kuweka simu kwenye stendi mbele ya ukumbi. Hilo ni kongamano la pili na linataka mtu wake, intaneti yake ya waya, na maikrofoni inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama kamati yenu wanaofanya kazi ni watatu, rusheni ukumbi mkubwa peke yake, warsha ziacheni. Na yule anayeuliza swali ukumbini bila kipaza sauti, "aah mimi nasikika tu", mnyime nafasi. Anasikika kwake. Mtu wa mtandaoni hamsikii, na mwenzetu asiyesikia vizuri aliyekaa palepale naye hamsikii.

Kwa hapo hapo, kama mna washiriki viziwi, wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili kwa kila kikao kirefu wapokezane kila dakika 20 au 30, mmoja peke yake siku nzima anachoka na tafsiri inapotea. Wapeni slaidi mapema. Tulikuwa na mzungumzaji aliyeleta slaidi kwenye flashi dakika tano kabla, mkalimani akakutana na maneno ya ubongo kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya watu.

Na chumba kimoja kidogo kiwe cha kutulia, taa hafifu, hakuna muziki, hakuna stoo ya mabegi. Tunawashauri mashule waweke chumba hicho kwa ajili ya watoto wenye usonji, alafu sisi tunafanya siku mbili za spika kubwa na taa za fluoresenti na kelele za vikombe.

---

mume_wa_OT

Mimi sio OT, mke wangu ndio OT, na kwenye hili niliingizwa kama ulivyoingizwa wewe, nikashika hesabu. Nina machache.

Usipange bajeti kwa watu 150. Wanaosema "tupo pamoja" kwenye grupu sio washiriki, mshiriki ni aliyelipa. Tenganisha gharama ambazo utazilipa hata wakija watu 10 (ukumbi, vyombo vya sauti, wakalimani, nauli ya mzungumzaji) na zile zinazopanda kwa kila kichwa (chakula, mkoba, cheti). Za kwanza gawanya kwa watu 90, sio 150, jumlisha za kichwa kimoja, hapo ndo ada yako. Wakija 150 una akiba. Ukigawanya kwa 150 wakaja 90, utakuja kuuliza huku namna ya kuandika barua ya kuomba radhi kwa mwenye ukumbi.

Ada ya kuwahi iwe ndogo kidogo na iwe na tarehe ya mwisho inayomaanisha mwisho. Sisi tuliongeza muda mara tatu, watu wakajifunza kwamba kuwahi ni hasara. Utaratibu wa kurudishiwa hela uandike mwanzoni, sio siku mtu ameumwa.

Idadi ya sahani ukumbi wanaitaka siku chache kabla, na ukishaitaja unalipia hata zikibaki. Taja chini kidogo.

Huyo mdhamini wa dakika 45, hapana. Mpe meza pazuri nje ya ukumbi pale watu wanapopita kwenda chai, nembo kwenye ratiba, na dakika 5 baada ya ufunguzi. Akitaka kuonyesha vifaa vyake kwa kirefu apewe kipindi cha mchana kilichoandikwa wazi kwamba ni cha mdhamini, anayetaka aingie. Iandikwe kwenye mkataba kwamba hachagui wazungumzaji. Mke wangu anasema niongeze: mkimruhusu afungue yeye, mwakani atakayekuja atataka kufunga.

---

msahihishaji_wa_usiku

Nimechelewa ila naona abstrakti hazijajibiwa na ndo kazi yangu, nimesoma abstrakti za makongamano manne.

Abstrakti 11 kwa miezi saba iliyobaki sio mbaya. Tatizo sio kwamba watu hawana cha kusema, tatizo ni kwamba ukiandika "wasilisha utafiti" kwenye tangazo, OT wa wodini anasema hilo ni la watu wa chuo anafunga simu. Nilimuuliza mwenzangu mmoja mwenye miaka 15 kazini kwa nini haleti kitu, akaniambia mimi sina data. Nikamwambia nielezee mgonjwa wako wa mwisho. Akaanza: mama mmoja wa kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu, wenzake wote wanamuandikia malengo ya kushika koni na kupanga vigingi, yeye walipokaa na ile COPM (kipimo ambacho mgonjwa mwenyewe anataja shughuli anazotaka na kujipa alama 1 mpaka 10) mama akasema anachotaka ni kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe kwa sababu hataki mkwewe amvalishe. Akajipa 2 kati ya 10 kwa utendaji na 1 kwa kuridhika. Wiki sita baadaye, kwa vifungo vikubwa kwanza, kisha ndoano ya kufungia vifungo, kisha bila ndoano vifungo viwili vya chini, akajipa 6 na 8. Nikamwambia wewe una data mbele yako, kwenye COPM mabadiliko ya pointi 2 tu yanahesabiwa kuwa yana maana kwa mgonjwa, wewe una 4 na 7, unataka nini tena? Akaandika. Kipindi chake ndo kilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni.

Kwa hiyo badilisha tangazo. Toa fomu yenye maswali manne tu: alikuwa nani na alitaka kufanya nini, ulifanya nini, kilibadilika nini na ulipimaje, kipi hakikufanya kazi. Maneno 250. Hilo la nne usiliache, ndo linalofanya watu waamini yaliyotangulia. Tangaza upya kwa fomu hiyo na weka mtu mmoja au wawili wa kuwasaidia wanaoandika mara ya kwanza, wapigiwe simu, wasisubiriwe.

Kusahihisha, toa majina kabla ya kugawa, kila moja isomwe na watu wawili ambao hawafanyi kazi na mwandishi. Huyo mwenye nne mpe moja ya kuongea na moja ya bango, basi. Ridhaa ya mgonjwa iwe kwa maandishi, hasa kama kuna picha au video. Kufunika macho kwa mstari mweusi sio kumficha mtu, kwenye jumuiya ndogo watu wanatambua hata mkono. Nimeshakataa mabango mawili kwa hilo na nilichukiwa, sawa tu.

Na kitu cha mwisho nakipigia debe kila mwaka. Waiteni wagonjwa wenyewe wawe kwenye ratiba, wawe na kipindi chao, sio "shuhuda" ya dakika tatu kabla ya chakula. Hii sio mtindo mpya. Taaluma hii Marekani ilipoundiwa chama chake cha kwanza, Machi 1917 pale Clifton Springs, walikaa watu sita tu. Aliyewaita, George Barton, alikuwa msanifu majengo na alikuwa mgonjwa mwenyewe, alikatwa sehemu ya mguu na upande wa kushoto ukapooza, akajirudisha kwa kufanya kazi za bustani na useremala. Walikuwepo pia daktari wa akili, mwalimu wa sanaa za mikono, na Eleanor Clarke Slagle aliyetoka kwenye ustawi wa jamii. Mgonjwa ndo akawa rais. Sisi miaka zaidi ya 100 baadaye tunamtafutia mgonjwa dakika tatu.

(Katibu na wewe usikate tamaa, katibu wa kile kikao alikuwa karani wa Barton, Isabel Newton, na baadaye wakaoana. Sisemi kitu.)

---

mume_wa_OT

Hahaha mimi niliishika hesabu tayari nikiwa nimeoa.

---

katibu_wa_ghafla

Jamani sijui niwashukuru vipi. Nimeprinti uzi mzima nimempa mwenyekiti. Fomu ya maswali manne nimeituma juzi usiku, zimeshaingia 6 na moja ni ya yule wa dole gumba, kumbe ana kesi nzuri balaa ya mtoto aliyekuwa hawezi kukaa darasani.

Mdhamini nimemwambia dakika 5 na meza. Alikasirika siku moja, ya pili akauliza meza ina ukubwa gani.

@OT_peke_yangu ukumbi mkubwa tutarusha, na kama uko tayari nataka uendeshe kipindi kimoja ukiwa hukohuko, cha OT wanaofanya kazi peke yao. Usinikatalie.

Kuhusu ukumbi. Jumamosi nimeenda na wilchea ya idara, nimekaa, mwenzangu anaandika. Ule wa pazia tumeufuta dakika ya nne, rampu ya nje ipo ila imewekwa kama ya kupandishia magunia, nilianza kurudi nyuma mwenyewe. Tukaenda wa pili. Meneja katoka, ananiangalia mimi, anamwangalia mwenzangu, anamuuliza yeye, "mgonjwa anataka kuona nini?" Mimi niko pale pale! Nilijua hilo jambo linatokea, wagonjwa wangu wananiambia kila wiki, lakini kuambiwa na kutendewa ni vitu viwili. Nikamwambia mgonjwa anataka kuona choo.

Choo kina kizingiti cha sm 3, mlango unafungukia nje, kugeuka nageuka. Wamekubali kuweka kirampu kidogo cha mbao hapo kizingitini siku hiyo. Jukwaa hawana kabisa, ni sakafu moja. Milango ya ukumbi sm 86. Meza ya usajili tutatumia meza za chakula za kawaida. Tumechukua huu.

Kaulimbiu bado.

---

dada_splinti

Soketi?

---

katibu_wa_ghafla

Chumba cha warsha kina 6. Nimezijaribu zote kwa chaja ya simu, 4 zinafanya kazi. Fundi anasema ziko laini mbili.

---

dada_splinti

Mbili mbili au tatu na moja? Muulize tena alafu uniambie. Na mwambie hiyo siku awepo yeye mwenyewe, asitume kijana.

---

OT_peke_yangu

Sikatai. Ila kipindi changu kiwe kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo foleni yangu inakuwa imefika getini.